Nukta Zilizolala

Hospitalini walimwita Haloo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Huenda ni wabeba machela, huenda ni yule daktari wa meno aliyekuwa na utani na kila mtu. Jina lilimkaa sawasawa kwa kuwa ndilo neno alilolitamka kuliko jingine lolote. "Haloo, hospitali, nikusaidie nini?" Alilivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango huku akimsogezea kiti. Watu waliopiga simu wamefura kwa hasira walijikuta wanaomba radhi.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo dari inateremka upande mmoja. Wageni walijigonga vichwa humo. Yeye hakujigonga hata siku moja. Alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto mdogo, kabla hajaanza shule, na katika siku za kuona alibakiwa na picha moja tu: kitambaa chekundu kwenye kamba, kinapeperuka. Hata hiyo hakuwa na hakika kama aliiona au alisimuliwa. Mengine yote aliyajua kwa masikio, vidole na pua. Matroni alimjua kwa viatu vyake, mhasibu kwa kikohozi chake, na mganga mkuu kwa jinsi watu walivyonyamaza ghafla ukumbini.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alirudi nyumbani asubuhi, ananuka hamira na ana joto la tanuri kwenye shati, wakati mkewe anafunga kitambaa cha kichwa tayari kutoka. "Sisi ni jua na mwezi," mume alipenda kusema. "Tunakutana siku ya kupatwa."

Waliishi hivyo, wakipishana mlangoni, mpaka hospitali iliponunua mashine ya kujibu simu yenyewe. Wagonjwa wa nje, bonyeza moja. Wodi ya wazazi, bonyeza mbili. Simu zilizomfikia Haloo zikapungua, kisha zikawa za kuokoteza. Wakubwa wakamwita na kumwambia asiwe na wasiwasi.

"Mtu akikuambia usiwe na wasiwasi kabla hujawa nao," shangazi yake alisema, "basi anza kuwa nao." Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Aliuza ndoo na mabeseni ya plastiki, na mdomo wake haukuwa na breki.

Ndipo likatoka tangazo. Serikali ilikuwa inafungua kituo cha kupokea simu za dharura: moto, ajali, wagonjwa mahututi. Mume alimsomea kwenye simu yake, unga ungali umemkauka kwenye vidole. "Kuna mtihani wa kuandika. Halafu mahojiano."

"Wameandika wasioona wasiombe?"

"Hapana. Wameandika watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba."

"Wanahimizwa," alirudia, akilionja lile neno. "Basi na tuhimizike."

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa hadi watu wakapangwa kwenye veranda. Haloo alikuja na vifaa vyake vya kuandikia nukta nundu: kibao chenye vidirisha, kila kimoja na nafasi ya nukta sita, karatasi ngumu, na kalamu ya chuma isiyo na wino, ncha yake kama ya msumari. Mwandishi wa nukta hutoboa karatasi kidogo kidogo kwa nyuma, akitoka kulia kwenda kushoto. Akiigeuza, nukta zimeinuka upande wa pili, na kidole kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi hiyo ina kelele. Tok, tok, tok, kama kuku anadonoa bati. Hazikupita dakika nyingi jirani zake wakaanza kuguna, na msimamizi akamhamishia stoo, kati ya viti vilivyovunjika na mapazia yaliyonuka vumbi.

Hakujali. Msimamizi mwingine, mwenye miayo mingi, alikaa naye na kumsomea maswali, naye akaandika. Mtu anapiga simu analia tu, utafanyaje? Watu wawili wanapiga kwa wakati mmoja, utachagua vipi? Eleza namna ya kumtuliza mtoto aliye peke yake na mgonjwa. Aliandika mambo aliyokuwa ameyabeba miaka yote chini ya ngazi bila mtu kumuuliza. Aliandika mpaka kidole gumba kikafa ganzi, akakikunjua, akaendelea. Alipotoka aliuliza kama mvua imenyesha. Ilikuwa imenyesha na kuacha, wala hakuisikia, yeye ambaye alisikia mpaka paka akibadili mawazo.

Matokeo yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya tume ya ajira. Walikwenda pamoja. Viwiko vilikuwa vingi, na karibu yao mtu mmoja alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mume aliipitia orodha, akairudia tena.

"Sema," Haloo akamwambia.

"Ishirini na nane."

"Kati ya hamsini?"

"Kati ya mia."

Waliondoka. Kushindwa alikuwa amekuzoea. Mtu asiyeona hujifunza mapema kwamba milango mingine hufungwa ukiwa bado uko ngazini. Kilichomtia hofu ni kingine. Kama yale aliyoyaandika ndani ya stoo yalistahili ishirini na nane, basi hakuwa akijijua. Ile raha ya akili kukimbia mbele na mkono kuifuata ilikuwa upepo mtupu. Alikaa kitandani, akapitisha kidole kwenye mstari wa shuka, huku na huko, kama anatafuta mahali pa kuanzia.

Shangazi alikuja na beseni jipya, kwa kuwa kila msiba aliukabili kwa beseni. "Mwanangu, serikali ni ukuta. Ukiupiga ngumi, wa kuumia ni mkono."

"Shangazi, ukuta una madirisha," mume akasema.

"Haya, mkwe, nenda kachungulie."

Mume akamgeukia mkewe. "Kwetu kiwandani, mkate ukitoka mbichi, hatuulaumu unga kwanza. Tunaangalia tanuri. Kata rufaa. Wakisema tena ishirini na nane, nitakuamini kwamba huna akili."

Haloo alicheka, ingawa hakutaka. Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda.

Dirisha la rufaa lilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyopigwa dawa ya sakafu. Karani aliyekuwa nyuma yake alikuwa na sauti ya mtu aliyeeleza jambo lilelile tangu asubuhi.

"Dada, nikuambie mapema usije ukavunjika moyo. Rufaa ni kujumlisha upya. Wanaangalia kama alama zimehesabiwa vizuri, basi."

"Sawa, kaka. Lakini kabla ya kujumlisha, nani aliisoma?"

"Msahihishaji."

"Msahihishaji anajua kusoma nukta?"

Kalamu ikawekwa mezani.

"Unajua," karani akasema taratibu, "hilo sijawahi kuulizwa."

Kiti kikasukumwa nyuma. Akaenda, akakawia, nyuma ya foleni watu wakaanza kusonya. Aliporudi, sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamka. "Kuna mnukuzi. Anasoma nukta kwa macho, anaziandika kwa maandishi ya kawaida, ndipo msahihishaji anasahihisha. Nimeomba karatasi yako itafutwe, ile yenyewe, ya matundu. Juma lijalo utaitwa mbele ya kamati. Weka dole gumba hapa."

"Nina saini," Haloo akasema, akasaini.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia lililomeza nyayo, jambo ambalo hakulipenda, na feni iliyogonga kitu kila ilipozunguka. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, isiyo na haraka wala ukali. Upande wa kushoto alikaa mnukuzi. Kijana, Haloo alikisia, na hakuwa amelala vizuri.

"Ilinifikia ikiwa imelala, mama," mnukuzi akamweleza mwenyekiti. "Nukta zimebonyea. Nadhani wakati wa kusafirisha iliwekwa chini ya maboksi ya karatasi nyingine zote. Palipoonekana nilinakili. Pasipoonekana niliandika 'haisomeki'. Msahihishaji akatoa alama kwa alichokiona."

"Mahali pangapi hapakusomeka?"

"Pengi, mama. Ningesema. Nilidhani si kazi yangu kusema."

Mwenyekiti hakumkaripia. Aliomba karatasi zipelekwe kwa mwenyewe, na Haloo akaziwekea mikono. Alihisi kama mtu aliyegusa uso wa ndugu aliyeugua kwa muda mrefu. Zilikuwa zake; kona aliyoikunja ilikuwa palepale. Lakini pale ambapo palipaswa kuwa na nukta kali, ncha za vidole ziliteleza. Hapa neno, hapa nusu ya neno, kisha uwanda mtupu.

Alivuta pumzi. "Mkiniambia nisome mimi, nitasoma. Ila najua nilichoandika. Nitajaza mapengo bila kujijua, na nyinyi hamtakuwa na njia ya kuniamini."

"Ndilo nililotaka kusema," mwenyekiti akajibu, "nikawa natafuta adabu yake. Ahsante kwa kunitangulia. Tutafute msomaji asiyekujua."

Waliyempata alikuwa mkandaji. Alifanya kazi kwenye uwanja wa michezo, akiwanyoosha wachezaji misuli, naye alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Alipoingia siku iliyopangwa, Haloo alisikia fimbo yenye ncha ya chuma, hatua nzito, kisha harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba kizima. Mwenyekiti alikuwa amekataza mkandaji asiambiwe karatasi ni ya nani, mwanamume au mwanamke, wala alipata ngapi. Haloo na mumewe waliketishwa nyuma, midomo imefungwa. Mnukuzi alipelekwa chumba cha pili na nakala za picha zilizopigwa kwa mwanga wa tochi iliyolazwa pembeni ya karatasi, ili kila kishimo kitupe kivuli chake. Yeye angesoma vivuli na kuandika. Mkandaji angesoma karatasi yenyewe kwa sauti, na karani wa lile dirisha angeandika. Kisha wangelinganisha.

Mkandaji aliomba maji ya moto kwenye bakuli. Akaloweka mikono, akaikausha, akaomba subira. Wakamsikia akipapasa.

"Uso umekufa," akasema.

Haloo akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Ngoja niuone mgongo." Karatasi ikageuzwa. Feni ikagonga mara kadhaa. "Ahaa. Mgongo unakumbuka. Kalamu iliingilia huku, na vishimo bado vipo. Nitasoma kwa kucha, toka kulia kwenda kushoto, kinyume na tulivyozoea. Mtanivumilia. Nitakuwa napita njia ileile aliyopita mwandishi, shimo kwa shimo."

Mwenyekiti akasoma swali la kwanza. Mkandaji akaanza.

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Neno moja, kisimamo, neno jingine. Mara nyingine silabi tu, kisha anarudi, anaipata, anaendelea. Mwanzoni Haloo alikuwa anahesabu makosa yake mwenyewe. Kisha kitu kikaanza kumpata ambacho hakuwa amejiandaa nacho.

"Mtu akipiga simu… na asiseme kitu… usikate," mkandaji akasoma kwa sauti yake nzito. "Asiyesema… naye ameita. Sikiliza chumba alichomo. Kama kuna maji yanatiririka… kama kuna redio… kama kuna mtoto… mwambie unachokisikia. Ajue… kwamba kuna mtu… yuko naye humo ndani. Kisha muulize jambo ambalo… anaweza kulijibu kwa kugonga."

Haloo alikuwa amesahau kwamba aliandika hivyo. Maneno yalitoka kinywani mwa mtu asiyemjua, yamepita gizani kwa majuma, yamelaliwa na maboksi ya maelfu ya watu, na sasa yalikuwa yanatembea chumbani kwa miguu yao wenyewe. Miaka yote chini ya zile ngazi alikuwa mlango: watu walipita kwake wakienda kwa daktari, kwa famasia, kwa wagonjwa wao, na mlango hauulizwi unafikiri nini. Leo mtu alikuwa amesimama mlangoni, akaugusa ubao, akasema huu una maandishi.

"Hapa mkono ulichoka," mkandaji akasema ghafla.

"Imeandikwa hivyo?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mama. Mashimo yanakwenda upande, hayana kina. Halafu hapa… hapa ameacha. Ameanza tena kwa nguvu. Nadhani alikunjua vidole."

Haloo akaushika mkono wa mumewe, akaubana mpaka mume akajikuna kwa mkono mwingine kuficha maumivu. Kweli alikunjua vidole. Kwenye ile stoo, kati ya viti vibovu, hakuna aliyemwona, hata msimamizi alikuwa anasinzia. Na sasa kitendo kile kidogo, ambacho hata yeye hakukihesabu kuwa kitu, kilikuwa kimehifadhiwa kwenye karatasi kikimsubiri mtu mwenye vidole vya kukisikia.

Ukurasa ukafuata ukurasa. Si kila mahali palikuwa na habari njema. Kwenye swali la watu wawili wanaopiga pamoja, mkandaji alikwenda, akarudi, akaenda tena, akaguna. "Hapa pamefutika kabisa. Nikisema nasoma nitakuwa natunga."

"Andika hapasomeki," mwenyekiti akamwambia karani.

Lilikuwa jibu zuri, Haloo alilikumbuka lote, na ulimi ulimwasha. Alijikaza kisabuni, akanyamaza.

Mkandaji alipomaliza, alisukuma karatasi mbele, akapuliza pumzi ndefu kama aliyeteremsha gunia. Mnukuzi akaitwa. Karani akasoma alichoandika yeye, mnukuzi akafuatisha kwenye chake kwa kidole, na kila mara alisema, "Sawa. Sawa. Na mimi ninayo hivyo. Sawa." Neno lililompotea mmoja mwenzake alikuwa nalo. Walipotofautiana, mwenyekiti aliamuru paachwe. Lakini walitofautiana mara chache mno, mmoja amesoma vivuli, mwingine amesoma vishimo, wala hawakuwa wamesikiana. Kadiri "sawa" zilivyoongezeka, ndivyo chumba kilivyozidi kutulia, hata karani akawa anasoma kwa sauti ya chini kama yuko mahali pa ibada.

Kisha ikasikika sauti ndogo ya miwani ikikunjwa.

"Nimekaa kwenye kamati hii muda mrefu," mwenyekiti akasema, asiseme na mtu yeyote hasa. "Nimesikia mengi sana kuhusu mitihani. Sikumbuki kama niliwahi kuusikia mtihani wenyewe." Akazikusanya karatasi. "Karatasi itapelekwa kwa msahihishaji mwingine. Mtajulishwa."

Koridoni mkandaji alikuwa ameegemea ukuta, anasubiri mtu wa kumpeleka kituoni. Haloo alimsogelea kwa kufuata ile harufu ya dawa, akampa mkono. Mkandaji akaushika, asiuachie mara moja. Dole lake likapita juu ya sugu iliyokuwa kwenye kidole cha kwanza cha Haloo.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nani?"

"Mwenye mkono mzito. Nukta ya tatu unaichoma kama ina deni lako."

Haloo akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. "Mwalimu wangu alinichapa kwa ajili ya nukta hiyo."

"Msalimie ukimwona. Kama ungekuwa na mkono mwepesi, leo nisingeokota hata neno." Akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeongelea hali ya hewa, "Lile la kusikiliza chumba. Nimelichukua. Kuna wachezaji wanakuja kwangu wana maumivu, hawasemi. Nitajaribu."

Alama mpya zilipotoka zilikuwa sitini na tisa. Yale majibu yaliyofutika yalibaki sifuri, na Haloo hakuyadai. Nafasi zote zilikuwa zimeshajazwa, kwa hiyo jina lake liliwekwa kwenye akiba, na akarudi chini ya ngazi kupokea simu za kuokoteza. Wengi walimwambia akiba ya serikali haiozi wala haipikwi. Lakini msimu ulipogeuka, mmoja wa walioajiriwa akahama kumfuata mkewe, na simu ikapigwa hospitalini kumwuliza yeye. Aliipokea mwenyewe. "Haloo, hospitali, nikusaidie nini?" akasema, kisha akakosa la kusema mpaka mpigaji akadhani laini imekatika.

Mahojiano aliyapita. Kituoni walimpa meza karibu na dirisha, akawaomba wampe iliyo mbali na feni. Siku ya kwanza mkufunzi alimvalisha visikizi na kumwacha asikilize tu, bila kujibu, simu za wenzake zikiingia moja baada ya nyingine: mwanamume anayekimbia huku akisema, mama anayenong'ona, mzee anayeomba samahani kwa kusumbua ilhali nyumba yake inawaka. Alikaa bila kutikisika. Alikuwa amejua watu ni wengi, kama kila mtu anavyojua. Hakuwa amewahi kuwasikia wote wakipumua sikioni mwake.

Juma hilohilo mwenzake wa meza ya pili akamgusa bega. "Kuna mama hapa hataki kuzungumza na mwingine. Anasema ni dharura, na ni wewe tu."

Haloo akaipokea, mgongo umenyooka.

"Mwanangu," shangazi akasema.

"Shangazi, hii ni namba ya dharura."

"Na mimi nina dharura. Sijaisikia sauti yako tangu juzi."

"Shangazi, kuna mtu anaungua."

"Basi mpokee, mpokee huyo," shangazi akasema kwa haraka, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu Haloo amjue, ilikuwa ndogo na yenye heshima. "Mimi nitasubiri."

Haloo akakata. Simu nyingine ilikuwa imeshaanza kulia.